Kokwet, Kanisa na Kura katika Nchi ya Chai

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Kisumu hawezi kupita Kericho bila kuchungulia dirishani. Huku chai, kule chai, vilima kwa mabonde, majani yamekatwa sawasawa kama mkeka uliotandikwa na mwenye nyumba anayengojea wageni. Adhuhuri ikishapita, mawingu hukusanyika, na mara nyingi mvua hunyesha kabla wachumaji hawajafikisha vikapu vyao kwenye mizani. Mjini limesimama Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu, lililofunguliwa mwaka 2015, paa lake likizidi kuinuka jinsi unavyokaribia altare. Wageni hulipiga picha, wakaenda zao.

Lakini liko jambo jingine lisilopigwa picha, nalo hutendeka majumbani. Katika siku za Kwaresima, jioni, familia chache za Kikatoliki hukutana nyumbani kwa mmoja wao, katika kile kinachoitwa jumuiya ndogo ndogo. Husali, husoma Maandiko, kisha hufungua kijitabu kinachotolewa kila mwaka na Tume ya Haki na Amani ya maaskofu wa Kenya. Kila juma lina mada yake. Mara ni rushwa, mara ni ardhi, mara ni vijana wasio na kazi, na mwaka wa uchaguzi ni kura. Taratibu ya mazungumzo ni ileile: kuangalia, kuamua na kutenda. Njia hiyo ilianzishwa na padri wa Kibelgiji, Joseph Cardijn, aliyekuwa akiwafundisha vijana wa viwandani, na ambaye baadaye alifanywa kardinali. Leo hutumiwa na wachuma chai.

Wako wanaonung'unika. Husema, "Padri atufundishe njia ya mbinguni, mambo ya Bunge awaachie wabunge." Wengine husema kinyume, kwamba padri akinyamaza wakati sheria mbaya inatungwa, naye ameshiriki kuitunga. Ndugu msomaji, ubishi huu si mchezo. Unagusa jinsi mtu wa Kericho na Bomet anavyotawaliwa. Basi tuutazame kwa utulivu, tukianzia nyumbani.

KOKWET CHINI YA MTI

Kabla hapajakuwa na Bunge wala kanisa, Wakipsigis walikuwa na baraza lao la ujirani, nalo ndilo kokwet. Wazee walikaa chini ya mti, wakaamua kesi za mipaka, za ng'ombe na za majirani waliokosana. Mzee aliyeliongoza, boiyot ab kokwet, hakuwa mfalme. Kazi yake ilikuwa kusikiliza, kisha mwishoni kukusanya maneno ya wote na kuyafanya neno moja. Hapakuwa na kuhesabu mikono. Watu walizungumza hata wakapatana, na mtu aliyekuwa na neno alilisema mbele ya wenziwe, mchana kweupe.

Baraza hilo lilikuwa na upungufu wake. Lilikuwa la wanaume, na wanawake hawakukaa kama waamuzi. Hata hivyo lilikuwa na mafunzo mawili ambayo hayajazeeka. La kwanza, shauri huanza kwa kulijua jambo lenyewe. La pili, uamuzi usiosikiliza watu haudumu.

SHERIA BILA WENYEWE

Ukoloni ulipokuja, mafunzo hayo yalitupwa. Sheria zilitungwa Nairobi na watu ambao hawakupata kukaa chini ya mti wowote wa Wakipsigis. Katika miaka ya 1920 makampuni ya chai yalijitwalia sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya Kericho. Kisha mwaka 1934 ilipitishwa sheria ya kuwahamisha Walaibon, yaani ukoo wa Talai, ambao Waingereza waliuogopa kwa sababu watu waliwasikiliza orkoiik wake. Watu wa ukoo huo, wanaume, wanawake na watoto, walichukuliwa hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali pa joto na malale, mbali na baridi waliyoizoea. Walikaa huko miaka mingi, na kurudi kwao kukaja ukoloni ulipokuwa unakaribia mwisho.

Je, siku sheria hiyo ilipopitishwa, ni Mwafrika gani aliyesimama katika Baraza la Kutunga Sheria kusema neno? Hakuna, kwa maana hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza, aliingia mwaka 1944. Kabla yake, maslahi ya Waafrika yalisemewa na Wazungu walioteuliwa, baadhi yao wamisionari. Hapa ndipo tunapoona kwamba kanisa kuzungumza bungeni si jambo la jana. Tofauti ni kwamba zamani mmisionari aliwasemea watu ambao hawakumtuma.

Kura yenyewe ilifika kwa kupimwa kwa kibaba. Waafrika walipochagua wajumbe wao mara ya kwanza, Machi 1957, mtu alihesabiwa elimu yake, mapato yake, mali yake na utumishi wake, na kwa vipimo hivyo akaweza kupata kura moja, mbili au hata tatu. Mchuma chai asiyejua kusoma hakupata hata moja. Mwenye kuidharau kura leo na ayakumbuke hayo.

SIKU ZA MLOLONGO

Uhuru ulileta kura moja kwa kila mtu mzima. Lakini mwaka 1986 chama cha KANU, ambacho wakati huo kilikuwa peke yake nchini kwa mujibu wa sheria, kiliamua kwamba katika mchujo wanachama wapige mstari nyuma ya picha ya mtu wanayemtaka. Wananchi waliuita mlolongo. Aliyepata asilimia 70 au zaidi katika mstari alihesabiwa amepita bila kupingwa, pasiwe tena na kura ya siri.

Kwa mtazamo wa haraka mtu angesema, "Hii si kokwet yetu? Watu wako mchana kweupe!" La, hasha. Katika kokwet mtu hakusimama kimya mgongoni mwa mwenzake huku chifu akimtazama. Alisema na akajibiwa. Katika mlolongo, mwajiri aliona mfanyakazi wake amesimama wapi, mdai akamwona mdaiwa wake, na mtu mwenye kibanda sokoni akajua kwamba leseni yake inatazamwa. Uchaguzi wa 1988 ulipofanyika, malalamiko yakasikika kila upande kwamba mistari mirefu imetangazwa mifupi, na mifupi imetangazwa mirefu. Na kwa kuwa mstari ukitawanyika hauachi karatasi, hapakuwa na cha kuhesabu mara ya pili.

Makanisa yalikuwa miongoni mwa wachache waliothubutu kunena. Baraza la makanisa, NCCK, lilipinga mwaka uleule wa 1986, na maaskofu wa Kikatoliki nao wakamweleza Rais wasiwasi wao. Wakati huo Kericho ilikuwa bado chini ya Jimbo Katoliki la Nakuru, na askofu wake, Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, hakuwa mtu wa kumumunya maneno. Mlolongo ukaondolewa baada ya kamati ya KANU kuzunguka nchini mwaka 1990 ikisikiliza watu. Desemba 1991 kikafutwa kile kifungu cha 2A cha Katiba kilichokuwa kimeifanya Kenya nchi ya chama kimoja. Ghasia za kikabila zilipoanza katika Bonde la Ufa mwaka huo wa 1991, askofu huyo hakunyamaza tena, akasema zina watu wanaozichochea. Jimbo la Kericho lilizaliwa Desemba 1995, na askofu wake wa kwanza akawa Philip Anyolo.

MWAKA WA KIJANI NA NYEKUNDU

Kufikia hapo msomaji atasema kanisa lilikuwa upande wa haki daima. Ngoja kwanza. Mwaka 2010 ulileta mtihani mgumu zaidi, kwa maana safari hii hapakuwa na mdhalimu wa kunyooshea kidole.

Katiba mpya ilipendekezwa. Kijani kilikuwa Ndiyo, nyekundu kilikuwa La. Maaskofu wa Kikatoliki, wakiongozwa na John Kardinali Njue, walikiri kwamba ndani yake mna mema mengi. Lakini walikataa mambo mawili makubwa. La kwanza ni ibara ya 26, inayosema uhai huanza mimba inapotungwa, kisha ikaruhusu mimba kutolewa pale mtaalamu wa afya anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. La pili ni mahakama za Kadhi. Makanisa mengi ya Kiprotestanti yalisimama upande huohuo. Katika nchi ya chai, La ya kanisa ilikutana na La ya wanasiasa wa Bonde la Ufa, ambao walikuwa na sababu zao, hasa za ardhi. Mtu aliyetoka kanisani na mtu aliyetoka mkutanoni walikwenda kwenye sanduku moja, kila mmoja na lake moyoni.

Kura zilipigwa tarehe 4 Agosti 2010. Kericho na Bomet zikasema La. Kenya ikasema Ndiyo, kwa kura zaidi ya milioni 6 dhidi ya chini kidogo ya milioni 3. Tarehe 27 mwezi huohuo Katiba ikatangazwa rasmi.

Sasa tazama maajabu. Katiba hiyo iliyokataliwa ndiyo iliyozifanya Kericho na Bomet kuwa kaunti, kila moja na gavana wake na bunge lake tangu mwaka 2013. Tena ni hiyohiyo iliyoandika, katika ibara ya 118, kwamba Bunge sharti liendeshe kazi yake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Yaani mswada ukiletwa leo, mtu wa Litein au wa Kaplong ana haki ya kuandika maoni yake na kuyapeleka. Anapofanya hivyo haombi hisani ya mtu.

Na kanisa limeitumia haki hiyo. Mswada wa afya ya uzazi wa mwaka 2019 ulipofika katika Seneti, maaskofu waliupinga hadharani, na haukuwa sheria. Mswada wa fedha wa mwaka 2024 ulipotaka kuongeza kodi, sauti yao ilikuwa miongoni mwa nyingi zilizoonya. Vijana waliingia barabarani, damu ikamwagika tarehe 25 Juni, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Novemba mwaka huo maaskofu walitoa tamko kali juu ya ahadi za uongo na utekaji wa watu. Siku chache baadaye, yule Philip Anyolo wa Kericho, ambaye sasa alikuwa Askofu Mkuu wa Nairobi, alitangaza kurudisha mamilioni ya shilingi ambayo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika parokia moja ya jijini. Sababu yake ilikuwa kwamba kanisa lisitumiwe kama jukwaa la siasa.

Mwandishi wa makala haya haoni aibu kwa kanisa katika mgeuko huo. Aliyeshindwa kwa kura, kisha akaiheshimu sheria na kuitumia kujenga hoja yake, ametoa mfano kuliko aliyeshinda akalala.

SUKARI NA KIJITABU

Lakini maaskofu hawapigi kura kwa niaba ya mtu. Sheria ya Kanisa lenyewe huwakataza mapadri kushika usukani katika vyama vya siasa. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikani, mwaka 1965, uliwakumbusha raia wote kwamba kura ni haki na pia ni wajibu. Kwa hiyo padri anayesimama altareni na kutaja jina la mgombea amevuka mpaka, na padri anayesema "siasa ni mchezo mchafu, msiiguse" hajafika hata mpakani.

Kazi iliyobaki ni ya kijitabu na ya jirani. Tuseme mama mmoja wa kambi ya chai amejiwa na kijana wa mgombea, ameshika pakiti ya sukari na noti. Mama anajua bei ya sukari. Je, anajua kwamba diwani huyo akichaguliwa atakaa miaka mitano akipitisha bajeti ya zahanati anayopelekea mtoto wake? Anajua kwamba zile noti zitakuwa zimerudishwa kwa njia nyingine kabla mwaka haujaisha? Asipokuwa na mtu wa kumweleza hayo kwa lugha anayoielewa, tusimlaumu akipokea sukari.

Tena yuko mfanyakazi aliyetoka mbali, ambaye katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 aliwaona wenzake wa makabila mengine wakikimbia mashambani na vifurushi vyao. Kwake kura haikuwa karatasi tu. Ilikuwa hatari. Mtu kama huyo hatarudi kuamini sanduku kwa kuhubiriwa Jumapili moja. Ataamini akiona kwamba jirani yake Mkipsigis, aliyekaa naye katika jumuiya ileile na kufungua kijitabu kilekile, analinda haki yake ya kuchagua tofauti.

Hapo ndipo tunaporudi chini ya mti. Jumuiya ndogo inayokutana sebuleni, chai ikiwa mezani na mursik kwenye sotet, inafanana na kokwet kuliko tunavyodhani, ila safari hii mama naye amekaa kama mwamuzi, na mgeni naye ana neno. Wanalijua jambo kwanza, wanalizungumza, kisha kila mmoja anakwenda peke yake nyuma ya pazia la kituo cha kura, mahali ambapo chifu hamwoni, mwajiri hamwoni, wala padri hamwoni.

Uchaguzi mkuu wa Kenya hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Miswada haingojei Agosti. Huletwa mwaka mzima, mvua ikinyesha na jua likiwaka, na mwenye kutaka kuijua asingoje sukari ifike mlangoni.