Kamikatsu: Mji wa Japan Ambapo Mashosho Wanaomoka na Majani

Kabla ufikirie vibaya, sio hiyo majani. Hapa tunaongelea majani ya miti, ile kitu inaanguka kwa ploti na unafagia ukilalamika. Kuna mji mdogo milimani Japan unaitwa Kamikatsu, na hapo majani ni doo.

Kamikatsu uko kisiwa cha Shikoku, mkoa wa Tokushima. Karibu yote ni msitu na miteremko, nyumba zimetawanyika juu juu huko. Miaka ya 1950 watu walikuwa zaidi ya 6,000. Leo hawafiki 1,500, na zaidi ya nusu wamepita miaka 65. Vijana walihepa kwenda kusaka kazi mjini. Hiyo story unaijua, hata ushago kwenu iko hivyo.

Zamani walitegemea mbao na machungwa madogo ya mikan. Februari 1981 baridi moto ikashuka, michungwa ikakauka. Watu wakabaki hivyo tu.

Sasa kuna jamaa anaitwa Tomoji Yokoishi, mshauri wa kilimo wa chama cha ushirika. Siku moja akiwa mkahawani Osaka, akaona wasichana wamechizi juu ya jani moja lililopambwa kwa sahani, mpaka mmoja akalifunga kwa leso aende nalo. Yokoishi akawaza: si hii kitu imejaa kwetu? Kumbuka Japan mikahawa ya wadosi hupamba chakula na majani na maua ya msimu. Aliporudi na hiyo idea wazee wengi walimwona amerukwa na akili, nani atanunua majani? 1986 akaanza na familia nne tu.

Leo wanauza aina zaidi ya 300. Shosho wa miaka 80 anaamka, anacheki oda kwa kompyuta ama tablet, na anayebonyeza kwanza ndiye anabeba. Mfumo unamwonyesha pia ako nambari ngapi kwa mauzo, so usidhani wanacheza. Kuna wenye wamefikisha yen milioni 10 kwa mwaka. Na jani halina uzito, mgongo hauumi.

Ukitembea huko, cheki mashamba ya mpunga ya Kashihara yamepangwa kama ngazi mlimani, na msitu wa Yamainudake, mawe yote yamevaa kuvumwani kijani. Chai yao inaitwa awa bancha: majani yanachemshwa, yanachachishwa kwa mapipa, kisha yanaanikwa juani. Ina uchachu flani. Ukizoea chai ya maziwa na tangawizi, jipange.

Halafu kuna mambo ya taka. Gari la taka halipiti. 2003 mji uliahidi kuacha kuchoma na kuzika taka kufikia 2020, so kila mtu anabeba zake hadi kituoni na kuzitenga kwa makundi kama 45. Hapo kituoni kuna hoteli, Hotel WHY, jengo lenye umbo la alama ya kuuliza. Mgeni pia anatenga taka zake, na sabuni unajikatia kipande chenye utatumia tu.

2020 ilifika wakiwa kama asilimia 80. Iliyobaki ni vitu kama nepi, na hizo hata shosho mwenye bidii aje hawezi zitenganisha, mpaka wenye kuzitengeneza wabadilishe vile wanazitengeneza.