Mshumbi haufidii ufinyu wa kopo

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba wake.

Ndugu Waislamu, Suratul Mutaffifin, sura ya 83, imebeba onyo kali kwa wapunjao vipimo. Dhambi hiyo ndiyo aliyowakanya Nabii Shuaib (A.S.) watu wa Madyan. Mara nyingi tunadhani mpunjaji hutambulika kwa macho. Hesabu inatufunza vingine.

Tutazame makopo mawili ya kupimia mchele. La kwanza lina upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 10. La pili lina kimo hichohicho, ila upana wake ni sentimita 9. Jicho huona tofauti ndogo. Lakini ujazo hufuata upana uliozidishwa kwa wenyewe: 10 mara 10 ni 100, na 9 mara 9 ni 81. Basi kopo la pili huchukua sehemu 81 tu katika kila 100 za kopo la kwanza. Mama anayenunua makopo 10 hurudi nyumbani akiwa na upungufu wa karibu makopo 2.

Muuzaji atasema, "Nimekuwekea mshumbi," yaani nafaka iliyochongoka juu ya mdomo wa kopo. Umbo hilo ni koni, mfano wa pia ya watoto iliyopinduliwa. Koni yenye kitako na kimo sawa na kopo hubeba theluthi tu ya ujazo wa kopo. Mshumbi nao haupandi juu sana, kwani nafaka huporomoka. Ukifika robo ya kimo cha kopo, nyongeza ni theluthi ya robo: sehemu moja ya 12. Kopo jembamba na mshumbi wake hufikia takriban 88, wala halijalifikia kopo pana lililofutwa kwa usawa wa mdomo.

Elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Katika karne ya 9 ndugu watatu, Banu Musa wa Baghdad, waliandika kitabu juu ya kupima maumbo bapa na tufe.

Kwa hiyo, mwenye duka ajaze maji kopo lake na kuyamimina katika kipimo cha haki. Yasipojaa, alibadilishe kabla ya kumpimia mteja mwingine. Na sisi tunaotoa Zaka ya Fitri kwa pishi tuvihakiki vipimo vyetu, maana haki ya maskini imo ndani yake.

Wabillahi tawfiq.