Anasoma Mpaka Lini?

Jumapili iliyopita nilikuwa katika kikao cha harusi. Baada ya michango kusomwa, mzee mmoja alinigeukia akaniulizia habari za mpwa wangu, ambaye ana shahada mbili na sasa yuko chuo kikuu akitafuta ya tatu. "Hivi huyu kijana anasoma mpaka lini?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani, na leo nataka kulijibu.

Kwanza tuelewane. Mwanafunzi wa utafiti hasomi kwa maana ya kukaa darasani akanakili yaliyo ubaoni. Amepewa posho na msimamizi, naye anatakiwa alete jambo ambalo halijapata kujulikana na mtu yeyote, msimamizi wake akiwamo. Kazi nyingi ya utafiti, ile ya kulowa mvua na kukesha, hufanywa na hawa.

Chukueni mfano wa Jocelyn Bell, binti wa Ireland ya Kaskazini aliyeingia Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1965. Miaka 2 ya mwanzo aliimalizia shambani pamoja na wenzake wachache, akipigilia nguzo kwa nyundo kubwa na kufunga nyaya. Darubini waliyokuwa wakiijenga haikuwa na kioo. Ilikuwa msitu wa nguzo na nyaya wa kunasa mawimbi ya redio kutoka angani, ndugu wa mawimbi yanayowaletea sauti yangu hivi sasa.

Ilipoanza kazi mwaka 1967, mashine ilichora mistari juu ya karatasi, karibu mita 30 kila siku, na wa kuisoma yote kwa macho alikuwa yeye. Amepata kueleza kwamba alijiona hastahili kuwapo Cambridge, akahofia kwamba siku yoyote watamfukuza, basi akaamua asiruke kitu. Mwezi Agosti akaona alama ndogo, haifiki sentimita 1, isiyofanana na nyota wala na kelele za mitambo ya hapa duniani. Mwingine angeipita. Yeye aliifuatia mpaka Novemba, akakuta ni mapigo, moja kila baada ya sekunde 1 na theluthi, yasiyokosea hata kidogo. Kwa utani wakayaita viumbe wadogo wa kijani. Kabla ya Krismasi akayakuta mengine upande wa pili wa mbingu, na utani ukaishia hapo, maana ni vigumu viumbe wa pande mbili zilizo mbali namna ile watupigie kwa mtindo mmoja. Baadaye ilifahamika kuwa ni masalio ya nyota kubwa zilizolipuka: uzito unaopita wa Jua letu, umeshindiliwa katika donge lenye upana wa kama kilometa 20, linalozunguka kama pia na kumulika kama mnara wa taa wa kuongozea meli.

Habari ilitangazwa Februari 1968. Mwaka 1974 Tuzo ya Nobel ya fizikia ikaenda kwa msimamizi wake, Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle. Jina la Bell halikuwamo. Mwenyewe hakulalamika, alisema tuzo hizo zisipewe wanafunzi wa utafiti ila kwa nadra sana. Namheshimu, lakini hapo sikubaliani naye. Mwaka huohuo wa 1974 Russell Hulse, mwanafunzi wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, aligundua donge la namna hiyo likizungukana na mwenzake, na mwaka 1993 alipewa Nobel sawa na msimamizi wake, Joseph Taylor. Kumbe inawezekana.

Mwaka 2018 Bell alitunukiwa Breakthrough Prize, dola milioni 3 za Marekani. Zote akazitoa kwa Institute of Physics ya Uingereza, zisomeshe wanafunzi wa utafiti wa fizikia kutoka makundi yenye watu wachache katika fani hiyo, wakiwamo wanawake na wakimbizi. Anaamini kwamba mtu aliyekuja kutoka nje huona kile ambacho mwenyeji amekizoea, kama yeye alivyoiona ile alama. Na kazi ya kupima mapigo hayo sasa hufanyika hata hapa Afrika: huko Karoo, Afrika Kusini, darubini ya MeerKAT yenye masahani 64 ilizinduliwa mwaka huohuo wa 2018.

Mpwa wangu hashughuliki na nyota. Yeye anatafuta mbegu ya muhogo itakayostahimili batobato, na amenionyesha mikono yake, imekomaa kuliko ya mkulima. Akimaliza anataka mbegu hiyo ijaribiwe vijijini, asiiache kwenye kitabu rafuni. Nilimwuliza ripoti ikitoka, jina la nani litatangulia.

"Mjomba," akasema, "hilo bado sijathubutu kuuliza."