Kurekebisha Presha na Kuondoa Presha: Vitenzi Viwili katika Maelekezo ya Kijiko cha Trekta

Mtafsiri anayekabidhiwa kitabu cha maelekezo ya trekta kwa kawaida huanza kuhangaika na majina. Hujiuliza kama aandike vali au valvu, hozi au mpira, presha au kanieneo. Mahangaiko hayo yana haki yake, na Baraza limekuwa likiyashughulikia tangu lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Hata hivyo, katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba katika mitambo inayoendeshwa kwa msukumo wa mafuta, jina likikosewa msomaji hutatizika. Kitenzi kikikosewa, msomaji huweza kupoteza mkono.

Tumchukue dereva wa trekta dogo huko Lukuledi, wilayani Masasi, ambaye trekta lake limefungwa kijiko mbele kwa ajili ya kupakia mchanga na samadi. Sehemu hizo si ngeni kwa mitambo. Jirani yake, Nachingwea, palikuwa mahali pamojawapo pa Mpango wa Karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947, pamoja na Kongwa na Urambo, na ukavunjwa mwaka 1951. Maneno kama trekta, giya, breki na spana yaliingia katika Kiswahili kwa njia ya sikio, mtu akimsikiliza mwenzake kazini. Njia hiyo hufaa sana kwa majina ya vitu vinavyoonekana. Haitoshi kwa jambo lisiloonekana, na presha ya mafuta haionekani.

Kwanza yafaa tueleze kazi yenyewe. Pampu huvuta mafuta kutoka katika tangi na kuyasukuma katika mipira hadi kwenye silinda. Mafuta hayo husukuma pistoni, nayo pistoni huinua mikono ya kijiko. Kanuni yake ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: msukumo unaotiwa katika kiowevu kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kukandamiza iliyotumia kanuni hiyo, na kijiko cha trekta ni mjukuu wa mashine ile.

Presha, basi, si nguvu. Ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo inalolisukuma, na ndiyo maana vitabu vya sayansi vya shule vimeliunganisha neno kani na neno eneo kupata kanieneo. Tofauti hiyo ina faida kubwa kwa fundi. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 hivi. Mafuta ya kijiko cha trekta dogo hufanya kazi katika bar 150 au zaidi, kadiri ya aina ya trekta. Bar 150 ni karibu uzito wa kilo 150 juu ya kila sentimeta moja ya mraba. Pistoni yenye eneo la sentimeta 20 za mraba itasukuma kwa nguvu ya kama tani 3. Lakini presha hiyo hiyo ikipata tundu dogo kama ncha ya sindano katika mpira uliochakaa, mafuta hutoka kama uzi mwembamba usioonekana vizuri, wenye uwezo wa kutoboa ngozi. Kidonda chake huonekana kidogo, hali mafuta yamekwisha kuenea ndani ya nyama. Aliyepatwa na jambo hilo ahitaji daktari wa upasuaji upesi, katika muda wa saa chache, hata kama hasikii maumivu makali. Kutoka Lukuledi hadi Hospitali ya Ndanda ni safari, na saa hizo ni chache.

Sasa tutazame sentensi hii, ambayo mtafsiri yeyote angeweza kuiandika: "Punguza presha kabla ya kufungua mpira." Kwa sarufi haina kasoro. Lakini dereva wetu anaweza kuielewa kwa namna mbili. Anaweza kuzungusha skrubu ya vali mpaka presha ishuke kutoka bar 150 hadi bar 120, akaona amepunguza, akafungua mpira. Au anaweza kuitoa presha yote mpaka geji isome sifuri. Aliyeandika kitabu alikusudia maana ya pili. Maneno aliyosoma dereva yanaruhusu ya kwanza.

Chanzo cha mkanganyo huu kimo katika lugha inayotafsiriwa. Kiingereza hutumia maneno ya shina moja kwa mambo mawili: kwa vali inayozuia presha isipite kiwango kilichowekwa, na kwa tendo la kuitoa presha yote kabla ya matengenezo. Mwingereza aliyezoea mitambo hatatizwi, kwa kuwa muktadha humwongoza. Mtafsiri anayefuata shina hilo bila kuuliza kazi ya kila neno huleta Kiswahilini mkanganyo bila muktadha wake.

Kwa hiyo twapendekeza matendo manne yatenganishwe, na kila moja lipewe kitenzi chake kisichobadilika katika kitabu kizima:

(a) Kupima presha: kusoma kiwango chake kwa geji, bila kukibadili.

(b) Kurekebisha presha: kukipandisha au kukishusha kiwango cha juu kinachoruhusiwa na vali.

(c) Kuondoa presha: kuitoa yote mpaka ibaki sifuri.

(d) Kuzima injini: kusimamisha pampu, basi.

Tendo la nne tumeliweka makusudi, maana wengi hudhani kwamba injini ikizimwa presha nayo imekwisha. Sivyo. Kijiko kilichoachwa juu huyakandamiza mafuta kwa uzito wake, na presha hubaki katika silinda na mipira. Ili kuiondoa, dereva hana budi kukishusha kijiko mpaka kilale chini, kuzima injini, kisha kusogeza wenzo pande zote mara kadhaa. Mtafsiri akiandika "zima injini" peke yake mahali palipotakiwa "zima injini na uondoe presha", ameacha nusu ya maelekezo.

Ile vali yenyewe twapendekeza iitwe vali ya kikomo. Jina hilo linaeleza kazi yake: presha ikifika kikomo, vali hufunguka na kuyarudisha mafuta tangini. Tena halifanani na kitenzi kuondoa, na hivyo halimpotoshi msomaji.

Hebu tuone vitenzi hivyo vikitumika katika kazi kamili. Dereva husimamisha trekta mahali tambarare, hulaza kijiko chini, huzima injini na kuondoa presha. Hufunga geji inayoweza kusoma zaidi ya kiwango kinachotazamiwa, kwa mfano ya bar 250. Huwasha injini, huyaacha mafuta yapate joto la kazi, kisha huvuta wenzo mpaka silinda ifike mwisho wake, na kupima presha kwa sekunde chache tu, kwa kuwa mafuta yanayopita katika vali ya kikomo huchemka haraka. Kiwango kikiwa chini ya kile cha kitabu, kwanza hutazama wingi wa mafuta, chujio na mivujo. Mivujo hutafutwa kwa kipande cha boksi au ubao, kamwe si kwa kiganja. Ikibidi kurekebisha, huzima injini na kuondoa presha tena, hulegeza nati ya kukazia, huzungusha skrubu kidogo, kama robo ya mzunguko, hukaza nati na kupima upya. Katika matrekta mengine hakuna skrubu, bali washa nyembamba huongezwa nyuma ya springi. Kiwango cha mtengenezaji hakipitwi; akikipita, mipira itapasuka, mikono ya kijiko itapinda, au magurudumu ya nyuma yatainuka na trekta kupinduka.

Kuna neno jingine linalostahili uangalifu. Kijiko kikiinuka polepole, watu husema "hakina nguvu" na kukimbilia kuongeza presha. Lakini wepesi wa kijiko hutokana na mtiririko, yaani wingi wa mafuta yanayosukumwa na pampu kwa dakika; uwezo wake wa kubeba ndio hutokana na presha. Kijiko kizito kwa mwendo lakini kinachobeba mzigo wake hakihitaji kurekebishwa presha. Walimu wa ufundi wakiyatenganisha maneno mtiririko na presha tangu somo la kwanza, watawaepusha wanafunzi wao na hatari isiyo ya lazima.

Kuhusu jina, msimamo wetu ni mwepesi. Kanieneo litumike darasani na katika majedwali ya vipimo. Presha litumike katika maonyo na maelekezo yanayosomwa na dereva, kwa sababu ndilo alilo nalo mdomoni. Mgandamizo liachiwe hewa inayoshindiliwa ndani ya injini, na shinikizo liachiwe madaktari, waliokwisha kulizoea katika shinikizo la damu. Kitabu kikitumia kanieneo na presha kwa pamoja, kieleze katika ukurasa wa kwanza kwamba ni kitu kimoja.

Maofisa wanaopokea tafsiri za namna hii kabla hazijachapishwa wanaweza kuzikagua kwa njia rahisi. Wampe fundi sentensi moja moja, wamwombe aonyeshe kwa mkono, injini ikiwa imezimwa na kijiko kikiwa chini, atafanya nini. Mafundi wawili wakionyesha matendo mawili tofauti kwa sentensi moja, sentensi hiyo irudishwe kwa mtafsiri, hata kama kila neno lililomo limo katika kamusi.