Mteja anataka rekoda ya shoo ya roki? Muulize haya kabla hujatoa bei

Wauzaji wenzangu, mteja akiingia inbox na kuandika "nataka kitu kidogo cha kurekodi shoo," usimtumie picha tano na bei. Muulize shoo gani. Akisema roki, hapo tulia kidogo, maana rekoda inayofaa mahubiri au interview inaweza kumwangusha vibaya kwenye gita za umeme. Na shoo ikipita imepita, hairudiwi. Atakayerudi ni yeye, kwako, akitaka pesa yake.

Nairobi wateja hawa wapo. Bendi kama Parking Lot Grass na Murfy's FLaw zimekuwa na mashabiki wake kwa miaka mingi, na shabiki wa roki anapenda kuweka rekodi. Kule Marekani bendi ya Grateful Dead iliwatengea mashabiki wanaorekodi sehemu yao maalum ukumbini tangu 1984. Huyo ni mteja anayejua anachotaka, usimdharau.

Kwanza atakuuliza, "si simu inatosha?" Mwambie ukweli. Simu hujipandisha na kujishusha sauti yenyewe. Ngoma ikipiga, inashusha kila kitu na mwimbaji anazama. Ngoma ikinyamaza, inapandisha kelele za watu. Ndiyo maana rekodi za simu husikika kama zinapumua.

Sasa kitu cha kuangalia. Wengi wetu tunatangaza GB na ukubwa wa skrini. Kwa roki, tafuta maandishi "max SPL", yaani kelele ambayo maiki inavumilia kabla sauti haijapasuka. Karibu na spika, roki hufika kirahisi desibeli 100 hadi 115, na mpigo wa ngoma unaruka juu ya hapo. Zoom H1n inavumilia 120, Tascam DR-05X 125, Zoom H4n Pro 140. Anayesimama nyuma ya ukumbi, hizo mbili za kwanza zinamtosha na ni nyepesi mfukoni. Anayekaa mbele kabisa, mwelekeze kwenye H4n Pro.

Kuna hizi mpya zilizoandikwa 32-bit float, kama Zoom H1essential. Ni nzuri, hazihitaji mtu kupanga level. Lakini usimuahidi mteja kwamba hazipasuki kamwe! Hiyo 32-bit inaokoa faili, haiokoi maiki. Maiki yake bado ni 120. Kwa rekoda za kawaida, mwambie apange level wakati bendi inajaribu vyombo, kilele kiguse kama -12, halafu asiguse tena.

Akiwa anafahamiana na fundi wa miksa, mambo yanabadilika. Anahitaji rekoda yenye matundu ya XLR, kama Tascam DR-40X, achukue sauti moja kwa moja kutoka kwenye miksa na bado maiki za rekoda zinase ukumbi. Ukumbi ukiwa mdogo, miksa peke yake haitoshi, kwa sababu gita na ngoma zinasikika bila kupitishwa pale. Atapata mwimbaji mtupu.

Memori kadi: stereo ya biti 24, kilohetzi 48, inakula kama GB 1 kwa saa. Kadi ya GB 32 ni nyingi mno kwa usiku mmoja. H4n Pro haipokei zaidi ya GB 32, kwa hiyo ukimpa ya 128 kwa faida ya ziada, itarudi kesho yake. Kadi feki ndizo balaa kubwa. Kabla ya kutuma, ijaze yote kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw, ni ya bure. Kadi feki huonyesha GB 32 lakini ikijaa kidogo tu inaanza kula faili za mtu.

Mwekee pia betri za kuchaji mbili za akiba na kisponji cha upepo kama shoo ni ya nje. Na mkumbushe aombe ruhusa ya bendi kabla hajabonyeza rec, asije akanyang'anywa mashine mlangoni halafu akakupigia wewe.