Desturi za Kupanda Daraja katika Bonde la Santa Clara

Katika bonde la Santa Clara, kusini ya San Francisco, mahali palipojulikana zamani kwa mashamba ya matunda, unaishi leo umma mkubwa wa watu waliotoka India na China, Ulaya na Afrika, ambao kazi yao ni kuandika programu za kompyuta, na ambao, ingawa hawana kabila moja wala dini moja, wamekwisha kuwa na mila zao, miiko yao na daraja zao za heshima kama umma wowote uliokaa pamoja kwa muda mrefu.

Daraja hizo huhesabiwa kwa tarakimu. Katika kampuni ya Google kijana mhandisi aliyetoka chuoni huanza daraja la 3, na kila daraja lina mshahara wake, fungu lake la hisa na jaha yake. Daraja la mwanzo si mahali pa kukaa, kwa maana asiyepanda baada ya muda hutazamwa kama mtu aliyepungukiwa. Na kwa kuwa hisa aghalabu hukabidhiwa kidogo kidogo kwa miaka 4, mtu huona taabu kuondoka hata moyo ukiisha kuchoka.

Ada iliyo kuu ni ile ya tathmini. Kwa miaka mingi katika Google, kabla ya utaratibu kubadilishwa mwaka 2022, mhandisi aliyetaka kupanda alijiandikia mwenyewe sifa zake, akataja kazi alizofanya na faida zilizopatikana, wenzake wakamtolea ushahidi, kisha maandishi hayo yakapelekwa mbele ya kamati ya watu wa daraja za juu ambao aghalabu hawakuwahi kufanya kazi naye. Nia ilikuwa insafu, yaani kumzuia meneja mmoja asimpendelee swahibu wake na kumdhulumu asiyempenda. Lakini kamati isiyomjua mtu itahukumu kwa lipi ila kwa lililoandikwa? Nalo liandikikalo vizuri ni lile linaloonekana na kuhesabika. Sisi tumelelewa kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Huko chema kisipotembezwa hakina mnunuzi, na mtu aliyefunzwa kwao kuwa kujisifu ni utovu wa adabu huikabili karatasi ile kwa haya na jitimai.

Tazama mhandisi wa aina ipatikanayo katika kila kampuni kubwa, ambaye kazi yake ni kulinda nakala za akiba za data. Kila wiki huchukua nakala moja, akairejesha katika mashine tupu, akailinganisha na asili yake, na apatapo kosa hulisahihisha kabla halijamdhuru mtu. Mwaka ukiisha hana la kuandika, maana msiba alioukinga haukutokea, na msiba usiotokea hauna shahidi. Jirani yake amezindua huduma mpya, akaipamba kwa michoro na tarakimu, akapongezwa mbele ya hadhara, akapanda daraja, kisha akahamia idara nyingine na kuiacha huduma ile yatima. Wapo waliofanya kazi Google wasemao kuwa hii ni sababu mojawapo ya kampuni hiyo kuzindua Google Talk mwaka 2005, Hangouts mwaka 2013 na Allo mwaka 2016, zote za kupelekeana ujumbe, na zote zikafungwa. Mzinduzi simlaumu, naulaumu mzani uliompima.

Kwamba hata fitina baina ya wafanyakazi huzaliwa na mzani zaidi kuliko tabia, ushahidi wake uko Microsoft, kaskazini katika jimbo la Washington. Hadi Novemba 2013 mameneja wa huko walilazimika kuwagawa watu wao kwa mafungu ya ubora, hata katika kundi la hodari watupu wakatafutwa wa kuwekwa chini. Basi hodari wakakwepa kukaa na hodari wenzao, na kumsaidia jirani kukawa ni kujipunguzia mwenyewe.

Mzigo huu humwelemea zaidi mgeni. Mwenye viza ya kazi iitwayo H-1B akipoteza kazi hupewa siku zisizozidi 60 za kupata mwajiri mwingine, au njia nyingine ya kukaa kwa halali, au kufungasha na aila yake. Kwa hiyo neno moja la mashaka katika tathmini, ambalo mwenyeji hulilalia akaamka, yeye humkosesha usingizi.

Waliodumu bila kuharibika wana tadbiri zao. Huandika kila Ijumaa walilolitenda, wasingoje kukumbuka mwisho wa mwaka. Humwuliza meneja mapema, kwa adabu na kwa maandishi, ni lipi linalotakiwa. Hutafuta mkubwa wa kuwasemea katika kikao wasichoingia. Na masengenyo huyapa mgongo. Wengine, wakifika daraja ambalo kampuni haiwasukumi tena, hukata shauri kubaki hapo, wakala jioni na watoto wao, nami nawastahi kuliko wengi waliowapita.

Lakini desturi niipendayo kuliko zote ni ya wale wanaomtolea mwenzao ushahidi bila ya kuombwa: data inapoharibika na nakala zikarejeshwa salama, humwandikia meneja siku ile ile, wakataja tarehe, na saa, na jina la yule aliyekuwa amezijaribu nakala hizo wiki iliyotangulia.