Mtoto Si Tarishi: Kweli na Uongo Kuhusu Watoto Wazazi Wakiachana

Hapa Section 58, Nakuru, habari za ndoa iliyovunjika humfikia mama mboga mapema kuliko mahakama. Atakuambia nani kahama, kwa pikapu ya saa ngapi, na televisheni imebaki na nani. Ushauri kuhusu watoto huongezwa bure, kama dania. Tuupime kidogo.

“Mtoto wa miaka mitatu haelewi kitu.”
Si kweli. Neno talaka halijui, lakini ameona viatu vya baba havipo mlangoni. Asipoelezwa hujitungia sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni yeye mwenyewe: nilimwaga chai, baba akaenda zake. Ndipo aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anapoanza tena. Mwambieni, nyote wawili mkiweza, kwa maneno machache: baba anahamia Njoro, wewe utalala hapa na mama, Jumamosi utaenda kwake, hukukosa lolote. Atauliza swali hilohilo mara ishirini. Si ukaidi, anakagua kama jibu limebadilika.

“Vumilianeni kwa ajili ya watoto.”
Nusu kweli. Mavis Hetherington, mwanasaikolojia wa Marekani, alifuatilia familia za huko kwa takriban miaka 30. Katika kitabu alichotoa mwaka 2002 alieleza kwamba kama robo ya watoto ambao wazazi wao walitalikiana walikuwa na matatizo makubwa, dhidi ya mmoja katika kumi kwa wengine. Hatari ipo, basi, ila wengi wao walisimama. Na nyumba ya makofi na matusi kila usiku si ya kuvumiliwa kwa jina la mtoto. Yuko macho chini ya blanketi, anasikia yote.

“Watoto ni wa baba, alilipa mahari.” “Watoto ni wa mama, basi.”
Nimesikia zote mbili kwenye matatu moja ya kutoka mjini. Zote si kweli. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inawapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au la, na inasema maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia. Sheria ya Watoto ya 2022 inafuata njia hiyohiyo. Mtoto mchanga mara nyingi hubaki kwa mama, lakini hakimu akiona sababu nzito anaweza kuamua vingine. Mbuzi wa mahari hawahesabiwi.

“Hatoi pesa, hamwoni mtoto.”
Si kweli, na hapa ndipo penye kidonda. Matunzo ni haki ya mtoto; kumwona mzazi wake ni haki yake pia. Moja haiuzwi kwa nyingine. Anayenyimwa matunzo aende kwa afisa wa watoto au mahakamani, asifunge geti. Na baba anayenyimwa mtoto asisimamishe karo ili kulipiza; anayefukuzwa shule si mama.

Geti hata likiwa wazi, kuna mchezo mwingine. Mtoto anatoka kwa baba Jumapili jioni, hajavua hata sweta, anaulizwa: nani alipika? Kuna mwanamke huko? Wiki inayofuata anabebeshwa ujumbe: mwambie baba yako karo haijafika. Mtoto wa darasa la nne amekuwa tarishi na jasusi, na kila jibu lake linamsaliti mmoja wa watu wawili anaowapenda. Simu zenu zina M-Pesa na zina ujumbe mfupi. Andikianeni.

“Mahakamani ataambiwa achague.”
Hapana. Mtoto mwenye umri wa kujieleza husikilizwa, na maoni yake hupimwa pamoja na mengine. Anayeamua ni hakimu. Kumfundisha nyumbani la kusema ni kumtwika mzigo huo tena.

“Mpelekeni kwa shosho mpaka mambo yatulie.”
Inategemea. Shosho wa Bahati au Subukia ni dawa ya wikendi, hasa akiwa hamsemi vibaya mzazi yeyote. Lakini kumhamisha mtoto shule, marafiki na kitanda katika mwezi huohuo alioondoka baba ni kumwondolea kila kitu kwa mpigo. Mwacheni kwanza darasani kwake, na mwalimu aambiwe.

“Hakuna wa kuongea naye usiku.”
Yupo. Namba ya watoto ni 116, ni bure, na hupokewa saa zote. Mzazi pia anaweza kuipiga.